Kura ya Githeri na Nyingine Nilizosimamia Vyuoni

Ijumaa iliyopita nilirudisha ofisini jaketi la kazi, funguo za stoo na mwavuli ambao haukuwa wangu. Wenzangu mliobaki hapo Nyeri mkaniomba niandike kidogo kuhusu kazi ya kuwaelimisha wapiga kura vyuoni, maana mna wageni watatu kwenye kitengo na hakuna aliyepata nafasi ya kuwaonyesha njia. Vyeo na mishahara wataviona kwenye faili. Mimi nitaandika yale ambayo hayamo kwenye faili yoyote, na nitaanza na siku yangu ya kwanza, kwa sababu siku hiyo niliharibu kabisa.

Nilikuwa nimetoka kufundisha shule ya msingi. Nikatumwa kwenye chuo kimoja cha walimu upande wa Karatina, nikiwa na mabango mawili chini ya kwapa na hotuba niliyoikariri jikoni wiki nzima. Nilizungumza saa moja na dakika kumi. Nilitaja haki, wajibu, katiba na mustakabali, kisha nikavirudia vyote kwa mpangilio mwingine. Kwenye safu ya tatu msichana mmoja alisuka nywele za mwenzake kichwa kizima, akamaliza, na mimi bado nilikuwa kwenye wajibu.

Mwishowe kijana mmoja wa nyuma, mwenye sweta nyekundu, akainua mkono. "Madam, naweza uliza? Wewe mara ya mwisho ulipiga kura lini?"

Sikuwa nimepiga. Nilikuwa nimejiandikisha kwetu Mukurwe-ini, na siku ya uchaguzi uliotangulia niliona foleni imezunguka shule, mvua ikaanza, nikakumbuka ng'ombe hajakamuliwa. Nikarudi nyumbani. Ningeweza kudanganya, lakini uso wangu ulikuwa umeshajibu, kwa hiyo nikawaambia ukweli. Ukumbi wote ukacheka. Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo wote kuwa macho.

Mkubwa wangu wakati huo alikuwa Mzee Odhiambo. Alikuja Nyeri akiwa karani kijana kutoka Siaya, akakaa hadi uzeeni, na Kikuyu chake kilikuwa na lafudhi ambayo akina mama wa sokoni walimwongezea viazi ili waisikie tena. Alikuwa amekaa nyuma ya ukumbi muda wote. Tulirudi pamoja jioni ile, na tulipoona taa za mji akanigeukia.

"Nyawira, leo umehubiri," akasema.

"Ndiyo, mzee."

"Mahubiri wako nayo kila Jumapili. Hawa watu hawajawahi kushika kura. Utamwambiaje mtu chakula ni tamu na hajawahi kula?"

Wiki mbili baadaye tulirudi kwenye chuo kile kile, safari hii na sanduku. Mzee Odhiambo alikuwa amechunguza, akagundua kwamba kitu kimoja kiliwaunganisha wanafunzi wote: manung'uniko kuhusu githeri ya Jumatano, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja. Basi akapendekeza uchaguzi. Githeri au wali na ndengu, mshindi atapikwa kila Jumatano hadi mwisho wa muhula. Kwa mkuu wa chuo aliomba jambo moja tu, kwamba matokeo yaheshimiwe, yawe yoyote. "Ukiwafanya wapige kura halafu uipuuze," alimwambia, "utakuwa umewafundisha kukaa nyumbani maisha yao yote." Mpishi, Mama Wangui, naye akaulizwa. Akasema, "Mimi nitapika yenye itashinda. Lakini wakichagua wali wajue mchele hii iko na mawe, na macho yangu ni ya kitambo."

Hatukufanya mchezo. Tulikuwa na sajili ya wapiga kura, mawakala wa pande zote mbili, vibanda vya kadibodi, sanduku lenye mihuri na wino wa kupaka kidoleni. Kampeni zilichukua wiki. Wafuasi wa wali waliimba, wakapiga ngoma za ndoo, wakamtembeza mwenzao begani akiwa amebeba sufuria. Wafuasi wa githeri hatukuwasikia kabisa. Baadaye nilikuja kujua walikuwa wakienda bweni hadi bweni, jioni baada ya chakula, wakizungumza na watu wawili wawili.

Githeri ilishinda kwa tofauti ya kura ishirini na tano. Zaidi ya nusu ya chuo hawakujitokeza.

Jumatano ile sitaisahau. Foleni ya chakula ilitembea kama ya mazishi. Yule kijana wa sweta nyekundu, ambaye ndiye aliyekuwa amebebwa begani, alisimama mbele yetu na sahani yake. "Lakini Madam, wengi wetu tunataka wali. Kila mtu anajua hiyo."

Mzee Odhiambo alikuwa anakula. Hakuwahi kukosa chakula cha bure. Akameza kwanza. "Na siku ya kura mlikuwa wapi?"

"Tulijua tutashinda."

"Basi kuleni."

Walikula muhula mzima. Muhula uliofuata hawakungoja tuwaite. Waliandika barua wenyewe wakidai uchaguzi mwingine, na asubuhi ya kura nilipofika na sanduku kwenye mkono nilikuta foleni imetoka ukumbini, imepita maktaba, imekata kona ya bafu. Nilifunga mihuri nikiwatazama. Nilikuwa nimesoma vitabu vingi kuhusu demokrasia, lakini sikuwa nimeiona ikisimama kwenye foleni na ndala, mswaki mkononi, ikiogopa kuchelewa. Wali ulishinda kwa mbali. Tangu siku hiyo sikuwahi tena kutoa hotuba ya zaidi ya dakika kumi, na kazi hii nikaipenda.

Sasa niseme machache kuhusu vifaa, kwa sababu hakuna atakayewaambia. Mashine ya kusajili inaogopa vumbi na inapenda chaji, kwa hiyo iwekeni mbali na mlango na msiamini umeme wa ukumbi wowote. Wino ukimwagika kwenye nguo, sahau nguo. Na kwenye vyuo vya upande wa majani chai, mtakutana na vijana ambao vidole vyao havisomeki, kwa sababu wamechuma chai kila likizo tangu wakiwa darasa la tano. Mashine itawakataa mara nne na wao wataanza kuona aibu, kana kwamba wana kosa. Usiwaache waondoke. Mwambie apanguse kidole, akisugue kwenye paji la uso ambapo kuna mafuta ya mwili, ajaribu tena taratibu. Nimewaandikisha wengi kwa paji la uso.

Kazi ngumu kuliko zote niliikuta kwenye chuo cha ufundi kimoja mlimani, njia ya kwenda Kiriaini. Jina nitaliacha. Mzee Odhiambo alikuwa amestaafu na nilikuwa naenda peke yangu. Nilipomaliza dakika zangu kumi, msichana mmoja akasimama. Aliitwa Naserian, mwanafunzi wa umeme kutoka Doldol, mrefu, mwenye bisibisi mfukoni mwa ovaroli.

"Madam, unatuambia tuchague serikali ya nchi nzima," akasema. "Hapa hatuchagui hata kiongozi wa bweni. Tunaona tu majina kwenye ubao. Sasa hiyo kuchagua tutajifunzia wapi?"

Nilishajifunza kutojifanya mjuzi wa kila kitu. Nikaenda kwa mkuu wa chuo. Alikuwa mtu mwenye adabu, akanipa chai, akaniambia kwamba miaka kadhaa nyuma waliruhusu uchaguzi wa wanafunzi na madirisha yakavunjwa. Tangu hapo aliwateua mwenyewe. Nilimrudia mara tatu. Mara ya tatu nadhani alichoka tu. "Sawa, Madam. Jaribu. Lakini kukitokea fujo hata kidogo, hilo jambo lisiletwe tena kwa meza yangu."

Naserian aligombea uenyekiti. Mpinzani wake alikuwa Kelvin, mwanafunzi wa makanika, mtoto wa hapo karibu, mcheshi, anayejulikana na kila mtu hadi mbwa wa askari wa lango. Msimamizi hana upande, na mimi sikuonyesha wowote, lakini sasa nimestaafu na naweza kusema: moyoni nilitaka Naserian ashinde. Yeye ndiye aliyeuliza swali. Hakukuwa na mtu wa kwao chuoni isipokuwa watatu, na alikuwa amekwenda karakana hadi karakana akiwauliza watu kinachowasumbua na kukiandika.

Tulihesabu saa kumi jioni, ukumbini, mbele ya wote. Nilitoa karatasi moja moja, nikaionyesha kwa mawakala wawili, nikaisoma kwa sauti. Kila jina liliitikiwa na upande wake, na sauti zilipanda jinsi rundo lilivyopungua. Mwishowe Kelvin alikuwa na mia moja themanini na saba, Naserian mia moja themanini na sita, na mkononi mwangu ilibaki karatasi moja.

Alama ilikuwa juu ya mstari unaotenganisha majina mawili, katikati kabisa. Mkia wake labda ulielekea kwa Naserian kidogo. Ningesema ni yake, wangekuwa sare na tungerudia. Niliitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Mkuu wa chuo alikuwa amesimama mlangoni, mikono nyuma.

"Hii haisomeki," nikasema. "Imeharibika."

Ukumbi ulilipuka. Wafuasi wa Naserian walipanda juu ya viti, mtu akapiga meza kwa ngumi, wengine wakafuatisha. Wakala wake akanijia mbio. "Madam, hiyo ni yetu. Angalia huo mkia." Niliwapa haki yao ya kuhesabu upya, na tukahesabu zote tena, kelele zikiendelea. Hesabu ikarudi vile vile. Karatasi ile nikaishika juu ili kila mtu aione, na meza zikapigwa zaidi. Nilimwona mkuu wa chuo akitoa simu mfukoni. Nikajua imekwisha. Si uchaguzi huo tu, bali wa miaka yote itakayofuata.

Naserian akaja mbele. Akaniomba karatasi, nikamwonyesha bila kuiachilia. Akaisogelea, akaitazama vizuri, akawageukia watu wake.

"Nyinyi, shukeni kwa viti," akasema. Hakupaza sauti, ilibidi wanyamaze ili wamsikie. "Mimi mwenyewe hii kura siwezi kuisoma. Kama mimi naitaka na siwezi kuisoma, Madam ataisoma aje? Na nyinyi wenye mnapiga kelele, nimewahesabu. Kuna watu wa bweni letu kumi na wawili hawakupiga. Hao ndio mniulizie."

Akavuka ukumbi akampa Kelvin mkono. Kelvin naye aliacha mzaha. Alimwomba hapo hapo ampe ile orodha ya matatizo ya karakana. Mkuu wa chuo akarudisha simu mfukoni. Hakuna dirisha lililovunjika, na mwaka uliofuata chuo kile kilifanya uchaguzi bila mimi kuulizwa. Mimi jioni ile nilikwenda kukaa kwenye gari, nikalia kidogo, kisha nikajaza fomu.

Siku ile ile Naserian alinifuata hapo garini. Alitaka kujiandikisha kama mpiga kura wa nchi, na hakuwa na kitambulisho. Alikuwa ameomba mara mbili, mambo yakakwama kwa sababu jina la marehemu baba yake liliandikwa kwa namna mbili kwenye karatasi mbili. Vitambulisho si kazi yetu, na wageni mtaambiwa hivyo. Lakini hakuna kanuni inayokataza kumwambia mtu mlango wa kugonga. Nilimwandikia kwenye daftari: hati ya kiapo, barua ya chifu, nakala za cheti. Akaenda, akagonga milango yote.

Usajili wa watu wengi ulipofika mwisho, mimi na karani mmoja tulikuwa Doldol kusaidia wenzetu wa Laikipia. Ilikuwa siku ya mwisho, tufunge saa kumi na moja jioni, na ilikuwa siku ya soko la mifugo. Tulipanga meza karibu na zizi la mbuzi, maana huko ndiko watu waliko. Saa nane mchana chaji ikaanza kuisha, umeme ulikuwa umepotea tangu asubuhi, na kibanda cha kuchaji simu kwa sola kilikuwa kimefungwa. Mwenyewe alisema mtambo wake ulikufa wiki iliyopita. Tulikuwa na foleni ya watu wapatao arobaini na mashine yenye nguvu ya dakika chache.

Ndipo nikamwona Naserian anakuja kutoka upande wa mnada, na nyuma yake vijana kama kumi na watano. Alikuwa ameshika kitambulisho mbele yake kama mtu anayebeba yai. Alikuwa amekichukua asubuhi ile, na wenzake alikuwa amewaokota njiani mmoja mmoja.

"Madam, nimefika. Nisimame wapi, foleni iko wapi?"

Nikamwambia foleni ipo, chaji ndiyo haipo. Akageuka. Alikwenda kwenye kile kibanda, akamwambia mwenyewe kwa Kimaa jambo ambalo lilimfanya afungue mlango mara moja, akatoa bisibisi. Sisi tukazima mashine ili kuokoa kilichobaki, tukangoja. Wazee wa mnada waliacha mbuzi wakaja kutazama. Mmoja aliniuliza kama huyo msichana ni wa serikali. Nikamwambia hapana, ni mwanafunzi. Akasema, "Afadhali."

Ilikuwa waya ulioungua na fyuzi. Alikata waya na kuchomoa fyuzi kutoka kwenye redio mbovu iliyokuwa rafuni, akaunganisha, akafunga. Taa ndogo ya kijani ikawaka, na watu wakashangilia kama timu yao imefunga bao. Tuliandikisha bila kupumua. Naserian alisimama kando ya meza akitafsiri kwa waliohitaji, akiwaonyesha jinsi ya kuweka kidole. Yeye mwenyewe alikaa mwisho wa foleni, kwa sababu ndiko alikojipanga baada ya kufunga mtambo, na alikataa nilipomwita mbele. Saa kumi na moja kasoro dakika nne ndipo alipoweka kidole chake kwenye kioo. Kilisomeka mara ya kwanza. Tulipofunga mashine nilikuwa na vumbi la mbuzi hadi kwenye meno, na sikumbuki siku ya kazi iliyonifurahisha kuliko hiyo.

Kuna miaka mingi baada ya hapo ambayo naiacha. Vyuo viliongezeka, simu zikaja, mabango nikaacha kubeba. Vijana wakaanza kunifundisha mambo. Wiki yangu ya mwisho nilikuwa chuo kimoja karibu na Kagio, pale soko la nyanya na vitunguu lilipo. Mwaliko ulitoka kwa wanafunzi wenyewe. Walikuwa wamewaita watu watatu wanaotaka uwakilishi wa wadi, wajibu maswali, na mimi niliombwa tu nieleze usajili mwishoni. Nikapewa dakika tano. Nusu ya zile nilizojipa mimi mwenyewe miaka yote.

Mwenyekiti wa mdahalo alikuwa msichana mdogo wa mwili, Mercy Wambura, anayesoma kilimo. Mgombea mmoja alifika na maboksi ya kofia zenye picha yake. Mercy akamfuata langoni. "Mheshimiwa, karibu sana. Hizo zibaki na askari, utazichukua ukitoka." Zikabaki.

Swali lilihusu mtaro wa soko, ambao mvua ikinyesha hufurika na nyanya za watu zinaoza kwenye maji. Mgombea huyo wa kofia alisema atauangalia kwa jicho la kipekee, kwamba anawapenda vijana, kwamba vijana ni viongozi wa leo.

"Mheshimiwa, umewahi kufika hapo kwa mtaro?" akauliza Mercy.

"Ninaujua vizuri sana."

"Unaanzia wapi na unamwaga wapi?"

Akakohoa, akaanza tena na vijana. Mercy akatazama saa. "Dakika zako zimeisha. Asante. Anayefuata."

Ukumbi ulijaa hadi madirishani, na hakuna aliyezomea. Waliandika tu. Nilitazama kalamu mia mbili zikiandika kwa pamoja. Nilitumia dakika zangu tano, nikawasha mashine, tukaandikisha mpaka giza likaanza kuingia.

Nikifunga vifaa, mgombea yule akanijia na leso mkononi, akijifuta shingo. "Hawa watoto mmewafundisha nini nyinyi?"

"Mimi nimewafundisha kuweka alama ndani ya kisanduku," nikamwambia. "Hayo mengine ni yao."

Ijumaa nikarudisha jaketi, funguo na mwavuli. Juzi Jumatatu, nikiwa kwenye shamba langu naondoa magugu kwenye kabeji, simu ikalia. Alikuwa Mercy. Nyuma yake nilisikia soko, mikokoteni na watu wakiitana bei.

"Madam, yule mheshimiwa amerudi. Hana kofia, amekuja na daftari na gambuti. Anataka tumwonyeshe mtaro mahali unaanzia."

Nikamwuliza kama sasa atampigia kura.

"Bado tunamwangalia," akasema.